Onja, Nikuone

Mpaka leo nikikumbuka mwili unanisisimka. Bwana Afya wa Tabora, mtu aliyemwaga sufuria za mji mzima kwa kosa la nyama isiyoiva, nilimwona kwa macho yangu akila samaki mbichi. Si samaki wa kuchomwa nusunusu. Mbichi kabisa, rangi yake vile vile alivyotoka ziwani, amekatwa kipande chembamba na kulazwa juu ya tonge dogo la wali. Alikitia kinywani, akatafuna, akameza. Mimi nilikuwa meza ya pili kutoka kwake, na vijiti nilivyokuwa nimeanza kuvizoea vilinidondoka sakafuni.

Ili mtu aelewe kwa nini nilishtuka vile, inabidi amjue kwanza. Jina lake nalijua, lakini sina sababu ya kulitaja, maana hakuna aliyelitumia. Hata kanisani kwao, kwa Wamoraviani, walimwombea kwa cheo. Alizaliwa wapi na ukoo wake upi, waulizwe wengine. Mimi najua alivyonuka, alivyotembea na alivyotutesa.

Alinuka dawa ya kuoshea vyoo. Harufu ilifika kabla yake na ilibaki akishaondoka. Alivaa kaptula ya kaki iliyopigwa pasi na soksi za kufika magotini, na katika soksi ya kulia alichomeka spoku ya baiskeli aliyoinoa kwa tupa. Hiyo ndiyo ilikuwa silaha yake. Aliingia jikoni kwa mtu bila hodi, kwa sababu sheria haipigi hodi, akafunua chungu na kumchoma kuku pajani. Maji yakitoka meupe, unasalimika. Yakitoka na wekundu, chakula kinakwenda mtaroni na wateja wako wanatazama.

Lakini spoku haikuwa kitu. Tuliogopa maneno yake mawili: "Onja, nikuone."

Kwetu mwenyeji akimwandalia mgeni wa heshima huonja kwanza yeye, mgeni akiwa anamwangalia, ndipo anamsogezea sahani. Ni adabu ya zamani, ya kumtoa mgeni wasiwasi, na hakuna anayeifikiria mara mbili. Bwana Afya aliichukua adabu hiyo akaifanya mahakama. Alikupa kijiko, akakuambia uonje chakula chako mwenyewe, umeze, kisha ufungue mdomo aone. Ukisita, umejihukumu. Alisema mpishi anaweza kumdanganya bwana afya, lakini hawezi kulidanganya tumbo lake mwenyewe. Alikuwa na misemo ya namna hiyo mingi, na yote aliitoa kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la serikali.

Yeye mwenyewe hakula kwa mtu. Hili liliwauma watu kuliko kumwagiwa chakula. Arusini alikuja, akatoa zawadi yake, akasimama karibu na mlango hadi mwisho. Msibani alikuja na chupa yake ya chai. Kina mama wa mjini walijaribu kila hila, biriani, vitumbua, mpaka maji ya tende, na jibu lilikuwa lile lile: "Nikila kwako leo, kesho nitakukagua kwa mdomo gani?" Watu walimwona ana kiburi. Mama yangu alisema mtu asiyekula kwa watu ana jambo anaficha.

Nilipokuwa karani wa kupiga chapa kwenye ofisi ya maji nilisafiri naye mara mbili, kwa sababu kampeni za vijiji vya ujamaa zilituchanganya sote, wa maji, wa afya na wa kilimo, kwenye gari moja. Huko Choma wazee wafugaji walimpokea kwa kibuyu cha maziwa yasiyochemshwa. Akakataa. Mzee mmoja akasema, "Mtu anayekataa maziwa yetu amekuja kutafuta nini kwetu?" Bwana Afya hakubishana. Alisimama juani pale pale, kofia mkononi, kutoka saa nne mpaka saa nane, mpaka mke wa yule mzee alipochoka kumtazama akaenda kuyachemsha. Tukadhani sasa atakunywa. Alichungulia mapovu, akasema, "Asante sana, wapeni watoto," akapanda gari.

Safari ya pili ilikuwa Bukene. Aliwahutubia wanakijiji juu ya vyoo kwa ukali uliomfanya katibu wa kijiji ajikune shingo. Baada ya mkutano bibi mmoja asiye na mtu akamwambia yeye hana nguvu za kuchimba. Bwana Afya alivua soksi, akazikunja vizuri na ile spoku ndani yake, akashika jembe. Alichimba siku tatu. Tulirudi Tabora bila yeye, akaja na treni ya Mwanza, viganja vimechubuka, na hakulisema jambo hilo kwa mtu yeyote.

Sasa mtu huyo huyo mfuko wake wa kaptula ulijaa karanga mbichi, zenye vumbi, alizozitafuna njia nzima bila kuziosha. Siku moja nikamwuliza. Akanitazama kama nimemtukana, akasema, "Hizi ni zangu." Na jirani zake waliapa kwamba kuku wake walilala ndani, juu ya meza ya kulia chakula.

Nimecheka, lakini nilimchukia mtu huyu kwa miaka tisa, na sababu ni mama.

Mama alikuwa na hoteli ya mabenchi manne karibu na stesheni. Ukishuka treni ya Kigoma ukauliza pa kula samaki, hata mchukuzi wa mizigo alikuelekeza kwa Mama Zuhura. Zuhura ndiye mimi. Alipika kwa karanga migebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika waliokaushwa, na kuhe wakubwa wa ziwa lile lile, wabichi, treni ikiwaleta, na nilikuwa najivunia harufu ile kwenye nguo zangu.

Siku yenyewe ilikuwa mwezi wa Shaabani. Mabenchi yamejaa abiria. Bwana Afya akaingia, akachoma samaki kwa spoku, akaridhika, nikashusha pumzi. Kisha akamnyooshea mama kijiko.

"Onja, nikuone."

Mama alikishika kile kijiko, kikasimama nusu ya njia.

"Nimeshiba, Bwana Afya."

"Kijiko kimoja hakimzidishii mtu."

"Leo sijisikii vizuri."

Hapo ndipo mama alipoharibu kabisa. Mtu mmoja akarudisha tonge kwenye sahani. Bwana Afya akaibeba sufuria yeye mwenyewe mpaka mtaroni, akaimwaga yote, na mama akasimama mlangoni na kijiko mkononi.

Mama alikuwa amefunga. Ramadhani ilikuwa inakaribia na alikuwa analipa siku zake za mwaka uliopita, zile ambazo mwanamke huzikosa kwa sababu ya mwili wake. Mwanamke hatangazi funga hiyo mbele ya wanaume. Hata nyumbani tuliambizana kwa macho. Nilijua yote na nilifumba mdomo, kwa sababu kumtetea mama pale kungekuwa kumvua nguo mbele ya abiria wa Kigoma. Nilikuwa mtu mzima, nimemaliza mafunzo ya kupiga chapa, na nilisimama kama gogo. Aibu hiyo bado ninayo.

Tangu siku hiyo mji ulikuwa na neno moja: samaki ambao mwenyewe hakuthubutu kuwaonja. Wiki haikwisha mabenchi yakawa matupu. Mama akageukia chai na maandazi. Samaki hakupika tena, hata kwa ajili yetu nyumbani. Nikimsihi alinijibu, "Siku Bwana Afya atakapokula samaki wangu mbele za watu, ndiyo nitapika." Alilisema kama mtu anayesema kamwe.

Mtaa mzima ulijifunza kumkwepa. Fundi viatu aliyekaa pembeni mwa barabara alikuwa mlinzi wetu. Akiiona ile kaptula, alipiga nyundo mara tatu kwenye debe, na mtaa ulifungwa: makomeo, mapazia, sauti za kina mama nyuma ya milango zikisema leo hakuna chakula, tumefiwa. Tulifiwa mara nyingi sana miaka ile. Yeye alipita katikati ya barabara tupu na harufu yake ya dawa, akaandika kitu kwenye daftari, akaondoka.

Halafu wakaja Wajapani wa visima. Walikuwa sita, wamekuja kusaidia kuchimba visima vya vijiji, na ofisi yetu iliwapangia nyumba ya wageni iliyokuwa nje kidogo ya mji, upande wa nyumba za zamani za Wazungu. Mmoja wao alijua kupika. Aliletewa kuhe kutoka Kigoma kwa treni, ndani ya sanduku la barafu na pumba za mbao, akamkata kwa kisu kirefu na kumla vile vile alivyo, na wali wenye siki, mchuzi mweusi wa chumvi na kiungo fulani cha kijani, kikali kama ugoro, kilichopanda puani na kutoa machozi. Chakula hicho walikiita sushi.

Tulipoambiwa tulitapika kwa mawazo tu. Lakini mwenye nyumba ile, mfanyabiashara wa mjini, aliona mbali. Akaweka meza sita barazani na ubao nje: Chakula cha Kijapani, Jumamosi. Haukupita mwezi mji ukapagawa. Wakubwa wa idara, walimu wa sekondari, vijana wa suruali pana za bugaluu, wote wakawa wanakwenda huko kushika vijiti. Walimeza huku macho yamefumba, wakasema tamu, na Jumatatu ofisini wakaulizana, "Hujala Kijapani bado?" kwa sauti ya kumwonea mwenzao huruma.

Bwana Afya aliapa kupafunga. Nilisikia mwenyewe kwenye ujia wa ofisi: "Hii Tabora, si bahari ya Japani." Akaenda na spoku yake. Haikumsaidia, maana utamchomaje samaki ambaye hakuna aliyedai ameiva? Basi akatumia silaha kubwa. Akampa mpishi kijiko. Yule Mjapani akatafsiriwa maneno, akacheka, akala kipande kimoja, cha pili, cha tatu, akafungua mdomo mwenyewe bila kuambiwa na kumwinamia. Bwana Afya alibaki na daftari lake wazi. Kwa mahakama yake mwenyewe yule mtu alikuwa ameshinda kesi. Alirudi mjini bila kuandika kitu, na sisi mtaani tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Ndiyo maana Jumamosi ile sikuamini. Wataalamu walikuwa wametualika makarani kula mchana, na mimi nilikuwa nimeshameza vipande viwili kwa kujikaza, nikitamani ugali. Bwana Afya akatokea njiani kwa miguu, amevaa suruali ndefu. Sikuwahi kumwona na suruali. Hakuwa na spoku wala daftari. Mpishi alimtambua, akamvutia kiti, akamwekea sahani, na kwa kuwa alidhani ndiyo adabu ya Tabora, akaonja kwanza kipande kimoja huku anamtazama. Bwana Afya akaitikia kwa kichwa. Kisha akala.

Nikasimama, nikamwendea.

"Shikamoo, Bwana Afya."

"Marahaba, Zuhura. Hujambo?"

"Sijambo. Unakula?"

"Nakula."

"Mbichi?"

"Wamenikaribisha," alisema. Machozi yalikuwa yanamtiririka. Nikajua ni ule ugoro wa kijani, kila mtu ulimliza. Karani mwenzangu akaninong'oneza kwamba jana mzee alikabidhi ofisi, amestaafu, na keshokutwa anapanda treni kwenda Tura, alikojenga kibanda.

Nilifika nyumbani nikihema. Mama alikuwa anapepeta unga.

"Bwana Afya amekula samaki kwa Wajapani."

"Mwongo!"

"Haki ya Mungu, mama. Mbichi."

Ungo ukashuka magotini. Sijawahi kuuona uso wa mama vile, hata siku ya mtaroni. "Mbichi," alisema. "Wangu aliyeiva akamwaga, wa wageni akala mbichi." Akarudia mara mbili tatu, halafu akaanza kulia kwa hasira, na mimi nikalia naye. Nilitamani treni ya Tura imchukue mara hiyo hiyo.

Alipokwisha kujifuta akasema, "Na asubuhi hii alikuwa hapa. Debe lililia, nikafunga mlango. Akabisha hodi mara tatu, nikamnyamazia."

"Alibisha nini?"

"Hodi. Hodi, Mama Zuhura. Kwa upole, mnafiki yule."

Mama ndiye aliyetangulia kuelewa, kwa sababu aliweka mkono mdomoni. Miaka yote ile Bwana Afya hakuwahi kupiga hodi katika mlango wa mtu.

Kesho yake, Jumapili, Wamoraviani wenzake walipotoka kanisani, nilikwenda kwake. Nilikwenda kugomba na nikagomba. Alikuwa anafunga godoro kwa kamba, na ni kweli, kuku walikuwa juu ya meza.

"Jana ulikuja kwa mama kutafuta nini?"

"Chakula," alisema. "Nilianzia kwake. Akafunga. Nikaenda kwa jirani yake, akafunga. Nikaumaliza mtaa wote, Zuhura. Kila mlango walikuwa wamefiwa." Alijaribu kucheka. "Nikatembea mpaka nje ya mji. Wale hawakunijua vizuri, wakaniwekea kiti."

Nikamwambia kuhusu ile sufuria. Sikutaja funga, hata hapo ulimi ulikataa, nikasema tu kwamba alimwonea.

"Najua. Wiki ile ile bibi mmoja wa mtaani kwenu alinijia, akanieleza kilichomzuia. Sikulala."

"Unajua miaka tisa! Na hukufungua mdomo?"

"Ningesema nini mbele za watu? Ningesema kwa nini hakuonja? Hiyo si ingekuwa aibu ya pili?" Akaikaza ile kamba. "Kilichobaki ni mimi kwenda kula pale, watu wanione. Lakini ningekula nikiwa kazini mngesikia wanasema nimehongwa, na mama yako angebaki pale pale. Nikangoja nistaafu."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila jibu isipokuwa hilo. Hasira yangu ya miaka tisa sikujua niiweke wapi. Nikamwambia, "Njoo kwa mama saa tisa," nikatoka mbio bila kuaga.

Nilikimbilia kwa Wajapani. Kwenye sanduku la barafu alikuwa amebaki kuhe mmoja, wa shehena ile ile ya jana, na mpishi alinipa bila kuuliza. Nikamweka mbele ya mama, nikamsimulia yote aliyoniambia Bwana Afya. Kisha akaniambia nikatwange karanga.

Harufu ilipotoka mtaani watu walikuja wenyewe, wakajifanya wanapita. Saa tisa debe likalia mara tatu. Niliona milango ya jirani inajifunga kwa mazoea. Wa mama ulibaki wazi, na yeye amesimama katikati.

"Hodi, Mama Zuhura."

"Karibu, Bwana Afya."

Akakaa benchi la mbele, lile linaloonekana kutoka barabarani. Fundi viatu aliacha nyundo. Mlango mmoja ukafunguka, halafu mwingine, na kina mama waliokuwa wamefiwa wakatoa vichwa. Mama akaja na sahani, wali na kipande cha kuhe katika karanga, akaiweka. Siku hiyo hakuwa amefunga. Akachukua kijiko, akachota mchuzi na kipande cha samaki, akakiinua mdomoni mwake kama alivyotakiwa miaka tisa nyuma, na akamtazama yule mtu usoni ili amwone vizuri.

Bwana Afya akanyoosha mkono, akakishika kile kijiko kikiwa nusu ya njia.

"Usionje, mama," alisema, kwa ile sauti yake ya tangazo la serikali, mtaa mzima ukasikia. Akakichukua mkononi mwake, akakitia kinywani, akameza.